Dhiki ya Foleni na Dhiki ya Chumbani

Aghalabu mtu aliyefikwa na taabu huusiwa ajikaze, autie moyo wake nguvu, ayafukuze mawazo mabaya akilini mwake na aamke alfajiri akiwa na tumaini jipya. Na wausiaji hao, ambao siku hizi ni wengi na hotuba zao hutufikia usiku na mchana kwa njia ya simu, huuzungumza uthabiti kana kwamba ni mali iliyozikwa katika kifua cha kila mmoja, isiyohitaji ila mwenyewe kuifukua. Sina shaka na nia yao njema. Lakini mimi nimelelewa Tanga katika miaka ya ukata mkubwa, na niliyoyaona katika miaka ile yalinifunza jambo jingine, ambalo kila nikiyatazama masaibu ya watu wa leo nazidi kuliamini: kwamba binadamu hasimami kwa nguvu ya kifua chake peke yake, bali husimama maadamu dhiki yake inajulikana kwa watu wanaomjua, na huanza kuyumba siku ile anapoifungia mlango.

Miaka ninayoitaja ni ile iliyoanzia mwishoni mwa miaka ya sabini na kuendelea hadi katikati ya miaka ya themanini, na balaa zake zilifuatana pasipo kupeana nafasi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, Tanzania ikalazimika kujigharimia peke yake reli, ndege, posta na bandari zilizokuwa za ushirika. Bei ya kahawa, iliyokuwa imepanda mno katika soko la dunia baada ya baridi kali kuiunguza mibuni ya Brazil mwaka 1975, ikaanguka. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakavuka mpaka na kuingia Kagera, na vita vilivyofuata, ambavyo viliwafikisha askari wetu Kampala mwezi wa Aprili 1979, vikala fedha za kigeni ambazo hazikuwako. Na mwaka huo wa 1979 mafuta yakaanza kupanda bei duniani hata yakapita maradufu ya bei ya zamani. Mwalimu Nyerere aliwaomba wananchi wakaze mikanda kwa miezi 18. Miezi hiyo ikapita, ikafuatwa na mingine, na mingine tena. Viwanda vya nguo na vya sabuni vilikuwapo, na wafanyakazi wake walikuwapo, lakini mashine zilinyamaza kwa kukosa vipuri na malighafi, na katika maduka ya mji mzima mtu aliweza kuona rafu baada ya rafu zisizo na kitu ila vumbi na pengine chupa chache za siki.

Katika mtaa wetu, habari ya kuwa sabuni imefika katika duka la shirika la biashara la mkoa, tuliloliita RTC, ililitangulia gari lenyewe lililoibeba. Kabla ya adhana ya alfajiri foleni ilikuwa imekwisha kujipanga, nayo haikuwa ya watu tu: palikuwa na mawe, vikapu, ndala zilizokatika ukanda na makopo matupu, kila kimoja kikishika nafasi ya mwenye nacho ambaye alikuwa amerudi nyumbani kumnyonyesha mtoto au kuwasha moto. Nilitumwa mara nyingi kulilinda jiwe la mama, na ninakumbuka vyema kwamba katika zogo lote la asubuhi zile, ambapo watu waligombana kwa maneno makali na kusukumana mabega, sikumwona mtu akilitupa jiwe la mwenziwe. Kila mtu alijua jiwe lile ni la nani, na kwa nini mwenyewe hayupo.

Vitu vingine havikupitia foleni bali vilipitia kwa balozi wa nyumba kumi, ambaye alikuwa na daftari lenye majina ya kaya zake na idadi ya watu wa kila kaya. Jioni moja alikuja kwetu, akabisha hodi, akakaribishwa kitini barazani, akalifungua daftari lake mapajani.

“Mama,” alisema, “safari hii sukari ni kidogo. Kila nyumba itapata robo tatu, naomba mniwie radhi.”

“Radhi tunazo, mzee wangu,” mama alijibu. “Lakini yangu ipunguze robo umwongezee yule jirani aliyejifungua juzi, maana wanangu mimi wamekwisha kuizoea tende.”

Mzee yule hakumshukuru sana wala hakumsifu. Aliitoa kalamu sikioni, akaifuta tarakimu moja na kuandika nyingine, akaufuata mstari wa jirani na kuandika huko, kisha akaaga akaenda nyumba ya pili. Yalikuwa ni mambo ya hesabu, na hesabu ile ilikuwa wazi kwa nyumba zote kumi.

Tukaishi kwa kubuni. Nguo zilifuliwa kwa majani ya mpapai yaliyopondwa, ambayo hutoa povu hafifu na kuuondoa uchafu ijapokuwa hayaachi harufu ya kupendeza. Chai ilinywewa kwa tende au kwa kipande cha muwa. Na mahindi ya msaada kutoka Marekani, ambayo unga wake ulikuwa wa rangi ya manjano hata watu wakauita unga wa yanga kwa kuwakumbuka wachezaji wa klabu ya Yanga na jezi zao, yalipikwa ugali ambao watoto waliulalamikia na wazee wakaula kimya. Wafanyakazi ambao mshahara wao haukutosha hata wiki mbili walianza kufuga kuku uani, na wake zao wakakaanga maandazi na kuchoma mihogo kandokando ya njia, hata ikawa katika nyumba nyingi mapato ya kikaango yameupita mshahara wa ofisi. Heshima ya mwanamke katika nyumba za mji iliongezeka kwa jambo lile, na ni haki kulisema, kwa sababu historia ya miaka ile imeandikwa zaidi kwa hotuba za wanaume kuliko kwa moshi wa majiko ya mama zetu.

Nimelitafakari sana swali la nini hasa kilichotushika tusianguke. Haikuwa hekima ya pekee, wala imani iliyozidi ya watu wa leo, kwa kuwa misikiti na makanisa ya leo yamejaa kuliko ya wakati ule. Haikuwa hata ukarimu, ijapokuwa ulikuwapo, kwa kuwa palikuwapo pia uchoyo na wizi. Naona ilikuwa ni hali moja ambayo hatukuichagua: dhiki ile haikuwa na aibu. Mwalimu wa shule na mpagazi wa bandarini walisimama foleni moja. Mke wa karani alivaa kanga iliyopauka sawasawa na mke wa mvuvi. Na mtu aliyemwambia jirani yake kwamba leo hakupika hakuwa amejivunjia muruwa, kwa kuwa jirani naye huenda hakupika jana. Wazee husema kifo cha wengi harusi. Methali hiyo huonekana ngumu kwa asiyepata kuyaishi maneno yake, lakini sisi tuliiona ikitendeka, tena si kwa maana ya furaha, bali kwa maana ya kwamba palikuwa na watu wengi mahali pamoja na kila mmoja alikuwa na kazi ya kufanya.

Matanga ya wakati ule yalinionyesha jambo hili kuliko foleni. Bafta ya sanda ilikuwa adimu, na msiba ulipotokea wazee wa mtaa walitawanyika nyumba kwa nyumba kuuliza nani aliyeiweka. Wanawake walifika na kikombe cha sukari chini ya kanga, au fungu la kuni kichwani, au chumvi iliyofungwa katika karatasi. Na mtu mmoja, aghalabu kijana mwenye hati nzuri, aliketi mkekani akiandika katika daftari jina la kila aliyeleta na alicholeta. Wapo watu wanaoliona daftari hilo kuwa ni jambo la kuhesabiana wema. Mimi naliona kinyume chake. Aliyeandikwa fungu moja la kuni alikuwa amekiri mbele ya watu kwamba hicho ndicho alicho nacho, na wafiwa, waliposomewa majina usiku wa tatu, walijua ni nani aliyetoa katika uhaba wake na ni nyumba gani inayostahili kutazamwa kwa karibu zaidi miezi iliyofuata. Msiba wa mmoja ukawa ndio wasaa wa kuijua dhiki ya wengine thelathini.

Nisieleweke vibaya. Siutamani ukata ule urudi, na ninamwonea uchungu kijana anayeambiwa kwamba zamani watu walikuwa hawana kitu na walikuwa na raha, kwa sababu si kweli. Watu walikufa kwa maradhi ambayo dawa yake inajulikana na haikuwako hospitalini. Tena saburi yetu ilikuwa na mpaka, na mpaka wake ulikuwa ni insafu. Tulivumilia kukosa maadamu tuliamini kwamba wote wamekosa. Lakini palipoanza kunong'onwa kwamba sabuni isiyofika dukani inapitia mlango wa uani, na kwamba ndugu wa mwenye ghala hapangi foleni, nyuso za watu zilibadilika kwa namna ambayo njaa haikuwa imezibadilisha. Ndiyo maana mwaka 1983, Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alipoongoza vita dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi, na bidhaa tulizoambiwa hazipo zikaonekana zipo, nyingine zikitupwa vichakani usiku na wenyewe waliozificha, wananchi wengi walimpenda kwa mapenzi ambayo hayajapungua hata leo, miaka mingi tangu afariki katika ajali ya gari mkoani Morogoro, tarehe 12 Aprili 1984. Katika kampeni ile walikamatwa pia watu ambao kosa lao lilikuwa ni kuweka akiba ndogo ya nyumbani, na dhuluma hiyo haifai kufunikwa. Walakini funzo lililobaki ni hili: anayewahubiria watu subira, awe kiongozi wa serikali, mwajiri au baba wa nyumba, hana budi kuonekana akikosa pamoja nao, la sivyo maneno yake yatazidisha maumivu badala ya kuyapoza.

Kuanzia mwaka 1984 milango ya biashara ikaanza kufunguliwa. Mitumba ikaingia, kisha sabuni za kila rangi, kisha, chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, kila kitu ambacho mtu aliweza kukilipia. Sisi tuliokuwa tumepanga foleni kwa ajili ya kipande cha sabuni tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Lakini pamoja na rafu kujaa kulitokea mageuzi ambayo hayakutangazwa na yeyote: uhaba ulitoka dukani ukahamia mfukoni, na huko mfukoni hauonekani. Siku hizi nyumba mbili zinazogusana ukuta huweza moja kula mara tatu na ya pili mara moja, na ya kwanza isijue, kwa kuwa ile ya pili imefunga mlango na kuongeza sauti ya televisheni. Mtu anapokosa kitu ambacho kimejaa madukani hujiona kuwa amekosa kwa upungufu wake mwenyewe, akaona haya, na haya humfanya ajitenge na watu wale wale ambao wangemsaidia kusimama.

Katika kujitenga huko ndipo anapokutana na mikopo ambayo watu wameipa jina la kausha damu, jina ambalo limeenea nchi nzima kwa sababu halikosei. Mama hukopa laki moja kwa siri ili ada ya mtoto ipatikane, na hurejesha kila wiki pamoja na riba ambayo haikusomwa kwake kwa utulivu. Wiki ya tatu biashara ya samaki inapokuwa mbaya hukopa kwa mkopeshaji wa pili ili amlipe wa kwanza. Na mumewe hajui, dada yake hajui, shoga yake wa miaka mingi hajui, hadi siku wanapokuja vijana kubeba jokofu na godoro mchana kweupe. Wapo waliouhama mji kwa kulikimbia deni ambalo, lingegawanywa kwa ndugu saba mapema, lisingemuumiza hata mmoja wao.

Wakopeshaji wa kwenye simu wameliendeleza jambo hilo kwa ustadi wa kutisha. Anayejiunga nao huwaruhusu, mara nyingi pasipo kujua, kuyasoma majina yote yaliyomo katika simu yake, na siku anapochelewa kulipa, mwajiri wake, mkwewe, imamu wake au mchungaji wake hupokea ujumbe kwamba fulani ni mdaiwa asiyeaminika. Mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa mwongozo kwa wakopeshaji wa kidijitali na kuyapiga marufuku majukwaa mengi yaliyokuwa yakifanya kazi bila idhini, na hatua hiyo ni ya kushukuriwa. Lakini naomba msomaji aliangalie kwa makini lile linalowekwa rehani katika mikopo ya namna hii. Haiwekwi nyumba wala shamba, wala ng'ombe. Kinachowekwa rehani ni aibu ya mkopaji, na mkopeshaji anajua kwamba mtu atalipa riba juu ya riba ili ndugu zake wasijue alikuwa hana ada. Basi yule ambaye ndugu zake wanajua tayari, kwa kuwa amewaambia kwa ulimi wake mwenyewe, amemnyang'anya mkopeshaji silaha. Ujumbe ukifika, mkwe atausoma na kusema, hilo tunalijua, tumekwisha kulizungumza.

Nitaambiwa kwamba ni rahisi kusema, na kwamba majirani wa leo ni watu wa masengenyo, ambao siri ya mwenzao huwa kitoweo chao. Pingamizi hiyo ina uzito. Sishauri mtu asimame sokoni na kuitangaza njaa yake. Hata balozi wetu, ambaye hesabu yake ilijulikana kwa nyumba zake kumi tu, alilifungua daftari lake barazani kwa mwenyewe, hakulibandika ukutani. Nashauri kila mtu awe na watu wachache, watatu au wanne, wanaoijua hesabu yake halisi, kipato chake na deni lake kwa tarakimu, na ambao yeye naye anaijua yao. Kwa maana siri inayokwenda upande mmoja huzaa unyonge, lakini inayokwenda pande mbili haimshushi mtu. Na anayeambiwa ana wajibu mzito kuliko anayesema. Asimkatize mwenziwe kwa hadithi ya taabu zake yeye, asimharakishe kwa maneno ya kwamba Mungu yupo, jambo ambalo mwenzake analijua tangu utotoni, wala asimuulize kwa nini alikopa. Amuulize ni kiasi gani, ni kwa nani, na lini.

Fauka ya hayo, mtu aliye katika dhiki asiyakate mambo yake madogo ya kila siku ambayo humweka mbele ya macho ya watu. Aliyefukuzwa kazi huacha kwenda kijiweni alikokuwa akinywa kahawa, kwa kuwa hana shilingi mia mbili za kikombe. Aliyefilisika huacha kwenda mazikoni kwa kuwa hana cha kuandikisha katika rambirambi. Na kila analoliacha humwondolea watu wawili au watatu waliokuwa wakimuuliza hali. Nenda mazikoni, ndugu yangu, na mikono mitupu. Chimba kaburi, chota maji, panga viti. Tumewazika watu wengi katika miaka isiyo na kitu kwa mikono mitupu ya namna hiyo, na hakuna aliyeandikwa kuwa ni mchoyo.

Tena hatuanzi na jangwa. Upatu ulikuwapo tangu zamani, na kijumbe wa upatu alimjua kila mwanachama na zamu yake, na aliweza kumtanguliza mwenye shida kwa idhini ya wenzake. Vikoba vya leo vimeiendeleza hekima hiyo: wanachama huketi duara, hununua hisa, hukopeshana, na katika vingi vyao fedha hukaa katika sanduku la kufuli tatu ambalo funguo zake zimeshikwa na watu watatu tofauti, na hesabu husomwa kwa sauti mbele ya wote. Kando ya fedha za hisa upo mfuko wa jamii, ambao kila mmoja huuchangia kidogo kila kikao, na katiba za vikundi huruhusu utumike kwa msiba, kwa ugonjwa na pengine kwa uzazi. Deni la kausha damu halimo katika orodha hiyo, kwa kuwa linahesabiwa kuwa ni kosa la mtu mwenyewe, ilhali linavunja nyumba kuliko magonjwa mengi tunayoyachangia.

Ningependa liingizwe. Katiba iseme kwamba mwanachama aliyenaswa na deni la namna hiyo anaweza kulitaja katika kikao bila kutozwa faini wala kuondolewa. Kwamba kikundi kitamteulia watu wawili wa kuongozana naye hadi kwa mkopeshaji, ili mkataba usomwe na riba ihesabiwe mbele ya mashahidi. Na kwamba atakopeshwa kiasi fulani cha mfuko, bila riba, alipe na amalize. Vikundi vingi hufunga mwaka na kugawana fedha mwezi wa Desemba, na mkutano huo ndio unaofaa kulijadili jambo hili na kulipigia kura, kabla fedha hazijatolewa sandukuni.